Madaraja ya modemu za faksi: 1, 2, 2.0 na mengineyo yanatofautiana wapi hasa?

Karani_wa_Zamani

Wakuu, salamu kwenu. Nimekabidhiwa modemu ya nje ambayo inatakiwa kupokea faksi moja kwa moja ndani ya kompyuta, bila karatasi. Maelezo yake yanasema ni ya Kundi la 3, na kwamba inafahamu Daraja la 1, la 2 na la 2.0. Programu ya kupokelea inanitaka nichague daraja mojawapo, nami nilichagua la 2, kwa hesabu ya kawaida kwamba la pili lazima liwe limelipita la kwanza.

Kutuma kunakwenda vizuri. Kwenye kupokea, simu inajibiwa, mashine hizi mbili zinaelewana, kisha kunakuwa kimya mpaka laini inakatika, na faili linabaki tupu. Baada ya kugusagusa mipangilio kadhaa kwa mkupuo niliwahi kupata ukurasa mmoja, lakini ulionekana kama mchanga uliomwagwa juu ya karatasi. Naomba kueleweshwa tofauti ya Kundi na Daraja, sababu ya kuwapo kwa 2 na 2.0, na lipi linanifaa.

FundiWaya

Ndugu Karani, karibu. Kwanza tutenganishe maneno mawili ambayo watengenezaji huyapanga mstari mmoja kana kwamba ni ya ukoo mmoja. Kundi linaeleza namna mashine mbili za faksi zinavyozungumza kupitia laini ya simu. Mashine za Kundi la 1 zilihitaji kama dakika 6 kupitisha ukurasa mmoja, za Kundi la 2 kama dakika 3, na zote zilikuwa za analogi. Kundi la 3, lililowekewa kanuni mwaka 1980 na chombo kilichokuwa kikiitwa CCITT, ndilo lililoleta picha iliyogeuzwa kuwa biti na kubanwa, ukurasa ukaanza kupita kwa takribani dakika 1 au pungufu. Kundi la 4 lilikusudiwa laini za kidijitali za ISDN. Modemu yako kuwa ya Kundi la 3 ni jambo la kutarajiwa, na neno hilo halikusaidii kuchagua chochote.

Daraja halihusu laini ya simu hata kidogo. Linahusu kebo fupi iliyo kati ya kompyuta yako na modemu yako, yaani kazi ipi inafanywa upande upi wa kebo hiyo, na kwa amri zipi. Mashine iliyo mwisho wa pili wa simu haijui unatumia daraja gani, wala haina njia ya kuuliza.

Ili uione kazi inayogawanywa, fuata simu moja ya faksi tangu mwanzo. Anayepiga hutoa mlio wa Hz 1100 kwa nusu sekunde, hunyamaza sekunde 3, kisha hurudia. Anayepokea hujibu kwa mlio wa Hz 2100 unaodumu kati ya sekunde 2.6 na 4. Hapo mpokeaji hutuma fremu iitwayo DIS, kwa mwendo wa pole wa biti 300 kwa sekunde, akitaja anayoyaweza: kasi, upana wa karatasi, namna za kubana picha. Mtumaji hujibu kwa DCS, ambayo ni maamuzi yake, na papo hapo huongeza kasi na kutuma sifuri tupu kwa sekunde 1.5 ili laini ipimwe. Sifuri hizo zikifika salama, mpokeaji hutoa CFR. Zikiharibika hutoa FTT, na mtumaji hushusha kasi wakajaribu upya. Ukurasa ukishapita, mtumaji husema EOP kama ndio wa mwisho au MPS kama upo mwingine, mpokeaji huthibitisha kwa MCF, na DCN hufunga mazungumzo. Adabu yote hii imeandikwa katika kanuni ya T.30, na picha yenyewe hubanwa kwa kanuni ya T.4.

Katika Daraja la 1, anayeyasema maneno hayo yote ni kompyuta. Modemu hubaki na kazi ya kugeuza biti kuwa milio na milio kuwa biti, pamoja na kufungasha fremu za mazungumzo ya polepole. Kompyuta huiamuru hatua kwa hatua: AT+FTH=3 kutuma fremu kwa biti 300, AT+FTS=8 kunyamaza milisekunde 80, AT+FTM=96 kutuma picha kwa biti 9600, AT+FRM=96 kuipokea kwa kasi hiyo hiyo. Katika Daraja la 2 na la 2.0, kompyuta hutaja tu inachokitaka, humkabidhi modemu picha iliyokwisha kubanwa, na modemu yenyewe huendesha mapatano, hupima laini, huamua kasi na kuthibitisha kurasa.

Kwa hiyo namba ya daraja si ngazi. La 2 halina kasi zaidi ya la 1, wala halitoi picha safi zaidi.

Mpenda_Amri

Mkuu FundiWaya, ahsante kwa maelezo haya. Kinachonitatiza ni hiki: ikiwa modemu inaweza kufanya mazungumzo yote peke yake, kwa nini mtu aichoshe kompyuta kwa Daraja la 1?

FundiWaya

Kwa sababu modemu ikikosea, huna pa kuirekebisha. Katika Daraja la 2 utii wa T.30 umefungwa ndani ya programu ya modemu yenyewe, na mtengenezaji aliyeiandika huenda aliacha kuishughulikia miaka mingi iliyopita. Mashine fulani ya mbali ikiwa na tabia ya ajabu, mfano ikituma DIS mara mbili kabla ya kusikiliza, utabaki kuona namba ya kosa ya kukatika simu na hutajua nini kilitokea katikati. Katika Daraja la 1 kila fremu inapita mikononi mwa programu yako, inaweza kuandikwa kwenye kumbukumbu ya matukio, na waandishi wa programu wanaweza kuongeza ustahimilivu bila wewe kubadilisha kifaa.

Lipo pia suala la kusahihisha makosa, na hapa naomba nikae kidogo kwa kuwa ndipo watu wengi wanapopoteza ubora bila kujua. Faksi ya kawaida ya Kundi la 3 haina njia ya kuomba kurudishiwa mstari ulioharibika: kelele kidogo kwenye laini hukata mistari, na mpokeaji hubaki na mabaka. Kanuni iitwayo ECM hutibu hilo kwa kuigawa picha katika fremu za baiti 256 au 64, hadi fremu 256 kwa kila bloku. Mpokeaji huzikagua zote na kuomba zile zilizoharibika peke yake. Ukizidisha 256 kwa 256 utaona kwamba bloku moja inaweza kufika kilobaiti 64, na modemu nyingi za Daraja la 2 za zamani hazikuwa na kumbukumbu ya kutosha kuishika, ndiyo maana ziliiacha ECM kabisa. Kwenye Daraja la 1 bloku hiyo inakaa ndani ya kompyuta, ambako kilobaiti 64 si kitu. Na kwa kuwa ubanaji wa T.6, unaopunguza ukubwa wa picha kuliko namna za T.4, huruhusiwa kwenye Kundi la 3 pale tu ECM inapotumika, anayeikosa ECM anaukosa na huo.

SaaYaUkutani

Wakuu, naomba kutofautiana na FundiWaya kwa heshima. Sifa zote hizo za Daraja la 1 zinasimama juu ya sharti moja ambalo hakulitaja, nalo ni kompyuta isiyochelewa. T.30 inataka kimya cha milisekunde 75, na kuongeza au kupunguza 20, kati ya fremu za polepole na mawimbi ya kasi. Upande wa kupokea hali ni ngumu zaidi: ukishasoma DCS, inabidi kompyuta itoe AT+FRM yenye kasi sahihi kabla mtumaji hajaanza mlio wa kuzoesha vifaa. Kwa V.29, mojawapo ya kanuni za kupitisha picha kwa kasi, mlio huo unadumu takribani milisekunde 253, na kwa kanuni ya V.17 ya mazoezi mafupi ni kama 142 tu. Kompyuta ikijisahau robo ya sekunde kwa sababu inanakili mafaili makubwa, imekosa mwanzo, na ukurasa mzima umepotea.

Niliwahi kusimamia seva ya faksi iliyohamishiwa kwenye kompyuta pepe, huku modemu zikifikiwa kupitia kisanduku kinachopitisha poti za siriali juu ya mtandao. Mpangilio huo ulikuwa wa Daraja la 1, na simu zilikuwa zikivunjika ovyo wakati wa kazi nyingi. Tulihamia Daraja la 2.0, matatizo yakaisha siku ile ile, kwa sababu modemu ilikuwa karibu na laini na ilijibu kwa wakati wake yenyewe. Mbali na wakati, kompyuta zilizokuwapo madaraja haya yalipobuniwa zilikuwa dhaifu, kwa hiyo kuipa modemu kazi hiyo halikuwa wazo la kipuuzi.

FundiWaya

Nakubali, Mkuu Saa, na ningepaswa kulisema hilo mapema. Kompyuta ikiwa mbali na modemu, au ikiwa pepe, mimi pia ningekwenda 2.0. Kompyuta ikiwa ni ya kweli na kebo imechomekwa moja kwa moja, ucheleweshaji unaouogopa ni nadra siku hizi.

Niongeze kwamba wenye kanuni wenyewe waliliona tatizo hilo. Daraja la 1 la asili linatokana na EIA/TIA-578 ya Marekani ya mwaka 1990. Shirika la kimataifa ITU lilipoandika toleo lake, T.31 la mwaka 1995, lilizaa Daraja la 1.0, lenye amri ya AT+FAR. Katika Daraja la 1, ukiiamuru modemu isubiri picha ya kasi na badala yake ikasikia fremu ya polepole, inatoa kosa la +FCERROR, nawe unakimbizana na muda kutoa AT+FRH=3, amri ya kupokea fremu ya polepole, kabla fremu haijapita. AT+FAR=1 ikiwashwa, modemu inasema +FRH:3 na kuendelea kuipokea fremu hiyo bila kusubiri amri mpya. Ni badiliko dogo kwenye karatasi, ila mwandishi wa programu za faksi hulipokea kama maji ya baridi.

Sasa nirudi kwenye 2 na 2.0, swali ambalo Karani aliuliza na ambalo sikulijibu. Hilo si kosa la uchapaji, na hiyo nukta na sifuri vina maana kubwa kuliko vinavyoonekana. Kamati ya viwanda vya mawasiliano ya Marekani ilitoa mwaka 1990 rasimu ya Daraja la 2, iliyojulikana kwa namba SP-2388. Rasimu haikupitishwa, lakini watengenezaji wa chipu hawakungoja. Waliijenga kama ilivyo, kila mmoja akaisoma kwa macho yake. Kiwango halisi kilipokuja kukubaliwa kama EIA/TIA-592, kilikuwa kimebadilika mno kiasi cha kutopatana na vifaa vilivyokwisha kuenea, kwa hiyo kikapewa jina 2.0 ili kitofautishwe. ITU baadaye ilikichukua kama T.32. Ndiyo maana unaposoma "Daraja la 2" unasoma jina la kitu ambacho hakikuwahi kuwa kiwango.

Majina ya amri na majibu yalibadilishwa karibu yote. +FDCC ikawa +FCC, +FDIS ikawa +FIS, +FLID ikawa +FLI. Modemu inayosema +FCON kwenye 2 husema +FCO kwenye 2.0, na +FHNG ya kukata simu ikawa +FHS. Hata kumaliza ukurasa kunatofautiana. Kwenye 2 unafunga data kwa herufi za udhibiti DLE na ETX, unasubiri OK, kisha unatoa AT+FET yenye namba inayosema kama kuna ukurasa mwingine. Kwenye 2.0 amri hiyo ya ziada haihitajiki: alama inayofuata DLE ndiyo inayobeba ujumbe, mkato kwa ukurasa mwingine, nukta kwa mwisho. Programu iliyoandikiwa moja haiwezi kuendesha nyingine kwa kubahatisha.

Mpenda_Amri

Na hilo Daraja la 2.1 ninaloliona kwenye baadhi ya modemu mpya? Je, linaongeza kasi, au nalo ni jina tu?

FundiWaya

Hapa, kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu, daraja linagusa kasi, japo kwa njia ya kuzunguka. V.27ter inafika biti 4800 kwa sekunde, V.29 inafika 9600, V.17 ya mwaka 1991 inafika 14400, na zote hizo zinaendeshwa na daraja lolote ikiwa modemu inazijua. Faksi ya V.34, inayofika 33600 na ambayo wauzaji huiita Super G3, imebadilisha mazungumzo yenyewe: fremu kama DIS na DCS haziendi tena kwa biti 300, njia ya udhibiti huenda kwa 1200 au zaidi, na ECM ni lazima. Amri za zamani hazikuwa na namna ya kuyaelekeza hayo. Kwa hiyo anayetaka V.34 anahitaji 1.0 yenye nyongeza yake, au 2.1. Kwa nyaraka za ukurasa mmoja au miwili faida kubwa utaiona kwenye muda wa mapatano kuliko kwenye picha yenyewe.

Usiisahau na poti: ukipokea kwa 14400, kasi kati ya kompyuta na modemu isipungue 19200, na kwa 33600 isipungue 38400, huku udhibiti wa mtiririko ukitumia nyaya za RTS na CTS.

Karani_wa_Zamani

Nimeelewa kwamba nilichagua rasimu. Nimeuliza modemu kwa AT+FCLASS=? na jibu lake ni hili: 0,1,2,2.0,8. Sifuri na nane ni za nini? Na kile kimya changu kinatokana na nini, maana kutuma kunafanya kazi?

FundiWaya

Sifuri ni modemu ikifanya kazi ya kawaida ya data, na nane ni sauti, kwa ajili ya kujibu simu na kurekodi ujumbe. Ziache.

Kimya chako nina dhana nacho. Kwenye kupokea kwa Daraja la 2, modemu ikishasema CONNECT haimwagi picha mara moja. Inangoja kompyuta itume herufi moja ya ruhusa. Rasimu inataka herufi iitwayo DC2. Baadhi ya watengenezaji waliweka XON badala yake. Programu yako inatuma DC2, modemu inangoja XON, kila mmoja anamheshimu mwenzake, na muda unakwisha. Kutuma hakuathiriki kwa kuwa herufi hiyo haihusiki huko. Tafuta kwenye mipangilio mahali pa kubadili herufi ya kuanzisha upokeaji.

SaaYaUkutani

Naongezea kuhusu ule mchanga. Huo ni mpangilio wa biti ndani ya baiti uliogeuzwa, jambo linalotawaliwa na amri ya AT+FBOR. Picha ya T.4 haina herufi za ukubwa sawa. Kila urefu wa weusi au weupe una msimbo wake mfupi au mrefu, na mwisho wa mstari hutambulika kwa sifuri 11 zikifuatwa na moja. Ukizigeuza biti za kila baiti, programu inapotea kwenye msimbo wa kwanza na haipati mwisho wa mstari wa kujishikiza. Nadhani katika kugusagusa kwako ulirekebisha herufi ya ruhusa na wakati huo huo ukaharibu mpangilio wa biti, kisha ukarudisha vyote viwili.

Karani_wa_Zamani

Naleta mrejesho, kama ilivyo haki ya waliojibu. Nilibadili kipengele kimoja kimoja safari hii. Kwenye Daraja la 2, kuweka XON peke yake kulitosha: picha ikaingia, nayo ilikuwa safi, maana yake Mkuu Saa aliotea kweli kuhusu mchanga. Kisha nikahamia 2.0, nikarudisha kila kitu kwenye hali ya awali, na ikapokea bila kuongezewa lolote.

Mwisho nilijaribu Daraja la 1. Kumbukumbu ya matukio sasa inaonyesha kila fremu, na kwa mara ya kwanza naona ECM ikitumika. Mpigaji mmoja ambaye kurasa zake zilikuwa zikija na mabaka zimefika nzima. Simu mbili zimevunjika kwa +FCERROR, zote katikati ya saa ambayo kompyuta hii hufanya nakala rudufu ya mafaili yake.

SaaYaUkutani

Hamisha saa ya nakala kwanza kabla hujagusa daraja. Zikiendelea kuvunjika, rudi 2.0, uiulize kwa AT+FCC=? kama nayo inaijua ECM, zipo zinazoijua.

Karani_wa_Zamani

Nimeihamisha. Modemu nayo imejibu AT+FCC=? kwa safu ndefu ya mabano, naibandika hapa chini jioni mnisaidie kuisoma.